Saa ya Marehemu Mnadani

Aprili 2024, katika mji wa Devizes nchini Uingereza, mnadi aligonga nyundo na saa ya mfukoni ya dhahabu ikapata mwenyewe mpya. Ukijumlisha na ada za mnada, bei ilifika pauni 1,175,000. Ilikuwa saa ya John Jacob Astor, abiria tajiri kuliko wote ndani ya Titanic, na ilitolewa kwenye maiti yake siku kadhaa baada ya meli kuzama. Novemba mwaka huo huo kampuni ile ile ikauza saa nyingine kwa pauni milioni 1.56. Hiyo ni ile ambayo wajane watatu wa Titanic, mke wa Astor akiwemo, walimzawadia Arthur Rostron, nahodha wa Carpathia, meli iliyowaokota manusura.

Habari kama hizi zikitoka, watu husema lile linalosemwa siku zote: kufa kufaana. Nami nilisema. Halafu nikaanza kufuatilia kila saa ilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika mnadani, na hasira yangu ikaanza kuchagua.

Maiti ya Astor iliopolewa na wafanyakazi wa Mackay-Bennett, meli ya kutandaza nyaya za mawasiliano iliyokodiwa kwenda kutafuta maiti. Wakaipa namba 124. Saa ikarudishwa kwa mwanawe, Vincent, naye akaitengeneza ikafanya kazi tena, akaivaa miaka mingi. Baadaye akaitoa kama zawadi ya ubatizo kwa mtoto wa katibu wa baba yake. Yaani aliyefiwa aliishika, akaitumia, akaamua mwenyewe nani apewe. Walioipokea wakiona wakati wa kuiuza umefika, sioni pa kumshika mtu shati. Saa ya Rostron ndiyo kabisa. Ni shukrani ya watu waliookolewa, na maji ya bahari ile hayakuigusa.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Sijapata kipimo kingine cha kupimia biashara hii kinachonifaa zaidi ya hicho. Bei hainiambii kitu. Pauni milioni moja inaweza kuwa safi, na kitu cha senti chache kikawa uchafu mtupu. Ninachotaka kujua ni kama mfiwa aliwahi kukifikia kitu hicho kabla yetu, au kilikwapuliwa huku yeye bado anatafuta maiti.

Turudi Halifax, Kanada, mwaka 1912, maana hapo ndipo swali hili lilipowakabili watu wakiwa na maiti mbele yao. Mackay-Bennett iliopoa maiti 306. Maiti 116 zilizikwa baharini, 190 zikaletwa mjini. Msajili wa vifo, John Henry Barnstead, alikuwa ameweka utaratibu rahisi: kila maiti namba yake, na kila kilichokutwa mwilini kitiwe kwenye mfuko wa turubai wenye namba hiyo hiyo. Pete, kisu cha mfukoni, barua iliyolowa, funguo za nyumba. Kwa njia hiyo mtu ambaye uso wake haukutambulika aliweza kutambuliwa kwa herufi zilizochongwa kwenye pete. Utaratibu huo ukatumika tena mjini humo Desemba 1917, meli iliyobeba baruti ilipolipuka bandarini na kuua watu wapatao 2,000.

Nguo je? Nguo ziliamriwa zichomwe, na sababu inaumiza: wenye mamlaka walijua kwamba zikiachwa, wawindaji wa kumbukumbu watazibeba. Kumbe hata wakati huo, hakuna intaneti, hakuna minada ya mtandaoni, na makaburi bado yanachimbwa, tayari kulikuwa na watu waliotaka kipande cha koti la maiti.

Miongoni mwa waliolinda na kuchoma nguo hizo alikuwa sajenti wa polisi, Clarence Northover. Alichoma, lakini alipofika kwenye jozi ya viatu vidogo vya ngozi ya kahawia mkono ukamkatalia. Vilikuwa vya mtoto. Akaviweka kwenye droo ya meza yake kituoni, vikakaa humo mpaka alipostaafu mwaka 1918, kisha vikahamia nyumbani. Havikuuzwa. Mwaka 2002 mjukuu wake alivikabidhi kwa jumba la makumbusho ya bahari la Halifax.

Mtoto mwenyewe alikuwa amezikwa bila jina, kwa jiwe la kaburi lililolipiwa na mabaharia wa Mackay-Bennett. Wanasayansi walipochunguza vinasaba mwanzoni mwa miaka ya 2000 walidhani ni mtoto wa Kifini, Eino Panula, wa miezi 13. Lakini viatu vya Northover vilionekana vikubwa mno kwa mtoto wa umri huo. Wakarudia uchunguzi, na mwaka 2007 ikatangazwa kuwa ni Sidney Goodwin, Mwingereza wa miezi 19. Baba, mama na ndugu zake watano wote walikufa usiku ule. Hakubaki mtu wa nyumba ile wa kuja kudai viatu.

Nimekigeuza kisa hiki kila upande. Northover alivunja amri, akachukua kitu cha maiti, akakificha. Kwa sheria kavu, yeye na mwizi wa koti ni wamoja. Na walioamuru nguo zichomwe hawakukosea hata kidogo, maana walikuwa wanawalinda marehemu na wachuuzi. Wote walifanya lililo sawa, na bado Northover angetii amri sawasawa, kaburi la Sidney pengine lingebaki na jina la mtoto wa watu wengine. Wakusanyaji hupenda kisa hiki, wanakiona kinawatetea. Huwa wanasahau kutaja kwamba sajenti hakupata hata shilingi.

Tukitaja shilingi, wapo waliozipigania mapema kabisa. Wanamuziki wanane wa Titanic walikufa wote. Tarehe 30 Aprili 1912, majuma mawili baada ya msiba, wakala aliyewaajiri alimwandikia baba yake Jock Hume, mpiga fidla kijana kutoka Scotland, akimdai shilingi 5 na peni 4, na kumtaka alipe pia deni la sare ya mwanawe. Sare ambayo mwenyewe alikufa akiwa ameivaa. Fidla ya kiongozi wao, Wallace Hartley, iliuzwa Oktoba 2013 kwa pauni 900,000 kabla ya ada. Kwenye fidla hiyo kuna kibati cha fedha kinachosema kuwa ni zawadi ya uchumba kutoka kwa Maria. Wapo wanaoudhika na bei ya fidla. Mimi naudhika zaidi na zile shilingi 5.

Sasa tushuke chini ya bahari, maana huko mfiwa hafiki.

Mabaki ya Titanic yalipatikana tarehe 1 Septemba 1985, kwenye kina cha mita 3,800 hivi, na msafara wa Wafaransa na Wamarekani ulioongozwa na Jean-Louis Michel na Robert Ballard. Ballard hakuchukua kitu, na tangu hapo amekuwa akisema pale ni makaburini. Miaka miwili tu baadaye, 1987, wengine wakarudi na mikono ya roboti na vikapu. Hadi leo vimetolewa vitu kama 5,500. Eva Hart, aliyenusurika akiwa na miaka 7 na kumpoteza baba, aliwaita tai na maharamia wale waliokwenda kuokota vitu hivyo. Alikuwa hai, anasikika, anaongea na waandishi wa habari. Mfiwa alishalia, na vikapu vikashuka vivyo hivyo.

Mwaka 1994 mahakama ya shirikisho huko Virginia, Marekani, iliipa kampuni moja, RMS Titanic, haki ya pekee ya kuokoa vitu pale. Baadaye ikaweka masharti, na nadhani ni ya haki: vitu vitunzwe pamoja, visichomolewe kimoja kimoja na kuuzwa. Kwa hiyo sahani, chupa za manukato na viatu vilivyotoka chini vinaonyeshwa kwa kiingilio, haviuzwi. Kampuni mama ilipofilisika mwaka 2016 na makumbusho ya Uingereza yakajaribu kuununua mkusanyo wote, waliofanikiwa mwaka 2018 walikuwa mifuko ya uwekezaji, kwa dola milioni 19.5. Vitu vya watu waliokufa wakielekea kuanza maisha mapya Marekani vikawa rasilimali kwenye vitabu vya hesabu.

Halafu kuna makaa. Makaa ya mawe yaliyookotwa kwenye mabaki hayakuhesabiwa pamoja na vile vilivyolindwa, basi yakavunjwavunjwa vipande vidogo na kuuzwa pamoja na cheti. Makaa si mali ya abiria. Hakuna mama aliyeyavaa, hakuna mtoto aliyeyachezea. Kwa hoja ya mfiwa niliyoishika hapo juu ningepaswa kuyapuuza, na bado yananikera kuliko saa ya Astor. Saa ina hadithi yake hata ukiifuta ajali: ni ya mtu fulani, ina herufi za jina lake, iliwahi kuvaliwa na mwanawe. Ukiyafutia makaa ajali yanabaki makaa, hakuna atakayeyatazama mara mbili. Kinachouzwa pale ni ukaribu na vifo 1,500, kitu kingine hakuna.

Mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake walilichunguza jambo hili kwa njia ya kuchekesha kidogo: waliwauliza watu kama wangekubali kuvaa sweta lililowahi kuvaliwa na Hitler. Wengi hawakutaka, hata likifuliwa. Tunaamini, hata tukikana, kwamba kitu hubeba kilichokigusa. Mnunuzi wa makaa anaamini hivyo hivyo, ila yeye anavutwa pale ambapo wengine wanasukumwa. Simwiti mgonjwa. Tamaa ya kugusa ipo kwetu sote, na ni hiyo hiyo inayotupeleka kushika kanga ya marehemu bibi. Tofauti ni kwamba bibi ni wetu.

Nina rafiki anayekusanya barua za ajali. Ni tawi zima la ukusanyaji wa stempu: bahasha zilizookolewa kwenye ndege zilizoanguka, meli zilizozama, treni zilizoungua. Maarufu kuliko zote ni zile za Hindenburg, ile ndege-puto ya Wajerumani iliyoungua Lakehurst, Marekani, tarehe 6 Mei 1937 na kuua watu 36. Ilibeba barua zaidi ya 17,000, na zilizopona ni mia tatu na kitu tu. Rafiki yangu hana ya Hindenburg. Hana ubavu huo. Alizo nazo ni za ajali zisizojulikana sana.

Siku moja alinitolea moja. Kona ya juu kulia imeliwa na moto, stempu haipo, na wino wa anwani umetawanyika kwa maji mpaka jina la mtaa halisomeki. Katikati umepigwa muhuri wa posta unaoeleza kuwa barua imeharibika katika ajali ya ndege. Posta haikuitupa. Iliikausha, ikapiga muhuri, ikaipeleka kwa mwenyewe. Hebu fikiri kuipokea: barua imeungua pembe, na muhuri unakueleza kwamba waliokuwa nayo safarini hawakufika.

"Ndani kuna barua?" nikamuuliza.

"Ipo."

"Inasemaje?"

"Sijui bwana. Sijawahi kuisoma. Bahasha nilinunua, barua sikuandikiwa mimi."

Nikamwambia hiyo ni falsafa ya mtu anayejua ana kosa. Akacheka. "Ndugu yangu, huyo aliyeandikiwa alipokea barua yake. Akaiweka miaka yote. Alipokufa, watoto wake wakaona makaratasi, wakauza yote pamoja na meza. Mimi nisingenunua, ingekuwa imeshachomwa. Nani amedhulumiwa hapo?"

Sikupata jibu, na sijalipata. Barua ile imepita njia iliyonyooka kuliko vitu vingi vya kwenye makumbusho. Ilifika kwa mwenyewe kwanza. Kinachonisumbua kwake ni kitu kingine: bei ya bahasha kama hizo hupangwa kwa ukubwa wa msiba na uchache wa zilizopona. Akisoma orodha ya mnada, bila kukusudia, anasoma idadi ya waliokufa kama sifa ya bidhaa. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema hata wanahistoria hufanya hivyo hivyo, ila wao hawalipi.

Soko lina tabia moja ambayo rafiki yangu huikwepa kila tukizungumza. Bidhaa safi ikipanda bei, chafu nayo inapata mnunuzi. Anayeona bahasha halali ikiuzwa kwa fedha nzuri atajifunza kuangalia chini pindi ndege itakapoanguka karibu naye.

Na watu huangalia chini upesi sana. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Columbia kilipasuka kikiwa kinarudi duniani, wanaanga saba wakafa, na vipande vikamwagika Texas na Louisiana. Siku hiyo hiyo matangazo ya kuuza vipande yakatokea eBay, mtandao wa minada. Serikali ikatishia kifungo cha hadi miaka 10, ikatoa siku chache za msamaha kwa watakaorudisha, na mtandao ukayafuta matangazo. Watafutaji walitembea bega kwa bega misituni mpaka wakakusanya vipande kama 84,000, chini ya nusu ya chombo. Miongoni mwake, karibu na mji wa Hemphill, Texas, kikaokotwa kinasa data ambacho kilisaidia sana kueleza jinsi bawa la kushoto lilivyoanza kuharibika. Kisanduku hicho kilikuwa kimelala porini mpaka mwezi wa tatu. Kingeweza kabisa kulala kwenye kabati la mtu. Hapa sheria haikuwa na haja ya kubishana na mtu juu ya heshima ya marehemu, ilitosha kusema huu ni ushahidi. Laiti kila ajali ingekuwa na hoja nyepesi namna hiyo.

Wanaopewa kazi ya kulinda nao si malaika. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, eBay ilizuia siku hiyo hiyo uuzaji wa vitu vya majengo yaliyoshambuliwa. Lakini baadaye mkaguzi wa wizara ya sheria ya Marekani aligundua kuwa baadhi ya maofisa wa FBI waliofanya kazi kwenye vifusi walijibebea kumbukumbu zao, likiwemo pambo la kioo la mezani lenye umbo la dunia. Hawakukusudia kuuza, ni kuweka tu mezani. Ukiwauliza, bila shaka wangekwambia walistahili: walivuta vumbi lile kwa wiki nzima, walichambua mabaki ya binadamu. Naelewa. Ila pambo lile lilikuwa na mwenyewe, au mjane wa mwenyewe.

Makumbusho nayo yasijifiche nyuma ya kioo. Jumba la kumbukumbu ya Septemba 11 lilipofunguliwa New York mwaka 2014, kiingilio kilikuwa dola 24, na lilikuwa na duka. Ndani ya duka hilo kulikuwa na sahani ya jibini yenye umbo la ramani ya Marekani, na vimoyo vidogo mahali yalipotokea mashambulizi. Nasema tena: sahani ya jibini. Na jengo hilo hilo, nyuma ya ukuta, ndimo yanamohifadhiwa mabaki ya waliokufa ambayo hayajatambuliwa. Wafiwa walipiga kelele, sahani ikaondolewa. Najua jumba la ukubwa ule linahitaji umeme, walinzi na mishahara, na sina ugomvi na kitabu au bango la picha. Lakini mtu fulani aliichora sahani ile, mwingine akaipitisha, mwingine akaipanga kwenye rafu, na njia nzima hiyo hakuna aliyekohoa.

Huwa naulizwa, na Pompeii je? Mji huo wa Italia ulifukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, na tangu 1863 Giuseppe Fiorelli alipoanza kumimina plasta kwenye matundu yaliyoachwa na miili, watalii wamekuwa wakipiga picha za watu wanaokata roho. Hakuna mjane wa Pompeii aliyebaki wa kumwomba ruhusa. Nakiri kuwa kipimo changu hapa kinaishiwa pumzi. Miaka elfu mbili ikipita, msiba unageuka historia bila kumtaka mtu ushauri. Lakini sioni kwamba umekwisha kabisa, maana hifadhi ile hupokea mara kwa mara vifurushi vya mawe na vigae vinavyorudishwa na watalii waliovikwapua. Mwaka 2020 mwanamke mmoja wa Kanada alirudisha alivyochukua mwaka 2005 akisema vimemletea mikosi. Siamini mikosi, ila naona watu hawa wamegundua, kwa njia yao, kwamba kulikuwa na mwenyewe.

Kinachonishawishi zaidi ni saa mbili zilizoganda huko Hiroshima, Japani. Kwenye jumba la kumbukumbu ya amani la mji huo ipo saa ambayo mishale yake imeganda saa mbili na robo asubuhi, dakika ambayo bomu lililipuka Agosti 6, 1945. Ilitoka mikononi mwa jamaa wa mwenyewe. Hapo hapo ipo baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto Shinichi Tetsutani, wa miaka 3. Baba yake alimzika bustanini pamoja na baiskeli yake, kwa sababu aliona ni mdogo mno kulazwa makaburini peke yake. Miaka 40 baadaye, 1985, mzee akafukua, akahamishia mifupa kwenye kaburi la ukoo, na baiskeli akaikabidhi jumba la kumbukumbu. Alijipa miaka 40 ya kuamua.

Saa ya pili nayo imeganda dakika ile ile, kioo chake kimekuwa ukungu kwa joto. Inasemekana iliokotwa kwenye vifusi na askari wa Uingereza. Februari 2024 iliuzwa mnadani Boston kwa zaidi ya dola 31,000. Askari hakuua mtu, mnadi hakudanganya, na mnunuzi huenda akaitunza vizuri kuliko ningeitunza mimi. Vilevile hakuna hata mmoja kati yao aliyemuuliza mtu wa Hiroshima.

Lakini nikishaanza kuwa mkali hivi, huwa namkumbuka Millvina Dean. Alikuwa na umri wa miezi miwili ndani ya Titanic, baba yake akafa, na akaishi kuwa manusura wa mwisho duniani. Mwaka 2008, akiwa na miaka 96, ada za nyumba ya kutunzia wazee zilimshinda. Akapeleka mnadani kumbukumbu zake, likiwemo sanduku la nguo ambalo familia yake ilipewa New York baada ya ajali. Zilitarajiwa kuleta pauni 3,000 hivi, zikaleta zaidi ya 30,000. Yeye huyo huyo alikuwa amepinga hadharani kutolewa vitu kwenye mabaki ya meli, kwa sababu baba yake yuko kule.

Wapo waliomwona kigeugeu. Kwangu mimi yeye ndiye aliyeelewa kuliko wote. Sanduku ni lake, na akitaka kulibadilisha na kitanda cha joto uzeeni, nani wa kumzuia? Baba si wake kuuza, wala si wa mtu yeyote. Mwaka uliofuata akauza tena, safari hii mfuko wa turubai, na mnunuzi akalipa pauni 1,500 kisha akamrudishia mfuko wake. Wakusanyaji wa namna hiyo wapo pia, na ni haki kuwataja. Millvina alifariki Mei 2009.

Tangu hapo hakuna manusura, na sauti za wafiwa wa kwanza zimezimika. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unataka mabaki ya chini ya maji yaachwe pale yalipo kama chaguo la kwanza, na unakataza kuyafanyia biashara. Titanic iliingia chini ya ulinzi wake mwaka 2012, ilipotimiza miaka 100. Hata hivyo mwaka 2020 jaji wa Virginia aliiruhusu kampuni ikate paa la meli na kutoa redio ya Marconi iliyotuma maombi ya msaada. Hoja ilikuwa kwamba bakteria wanaila meli, wakiwemo Halomonas titanicae waliopewa jina lake, na muda si mrefu chumba kitaanguka. Ni hoja nzito. Chuma kinaliwa kweli, na redio ile iliokoa watu zaidi ya 700. Serikali ya Marekani ikapinga, mpango ukakwama. Kisha Juni 2023 chombo cha kuzamia cha Titan kikapasuka kikielekea pale pale na kuua watu watano, mmoja wao Paul-Henri Nargeolet, mkuu wa utafiti wa kampuni hiyo hiyo. Baada ya hapo ikaiambia mahakama kuwa haitaokota kitu, itapiga picha tu.

Msafara wa 2024 ulipiga picha zaidi ya milioni 2. Kwenye mchanga ukaiona tena sanamu ya shaba ya Diana, ya sentimita 60, iliyokuwa haijaonekana tangu 1986. Ikaachwa pale. Nilimtumia rafiki yangu picha yake nikamwambia hivi ndivyo inavyopaswa. Akajibu kuwa ni uvivu uliovalishwa maadili, kwamba sanamu haina uhusiano na maiti wala mfiwa, ilikuwa pambo la ukumbi wa daraja la kwanza, na siku wakiitoa atakuwa wa kwanza kwenye foleni ya tiketi. Kuhusu sanamu huenda yuko sahihi. Kwenye foleni asinitafute.